Makofi ya Nailoni

Kofi hazilii ila kwa viganja viwili. Wapo watu wanaoikumbuka methali hii siku ya ugomvi tu, wakitaka kusema kwamba aliyepigwa naye ana lake. Si vibaya, lakini wanaipunja. Maana yake pana ni hii: jambo linalohitaji wawili, mmoja hata awe hodari namna gani, atabaki kupunga hewa. Anayebisha na ainue mkono mmoja sasa hivi, ajaribu kupiga kofi. Akishindwa, na atulie asikilize habari za Edda, fundi cherehani wa Maisaka mjini Babati, na mumewe Severini.

Severini alikuwa mpiga pembe wa timu ya Viboko. Pembe lenyewe lilikuwa la tandala, aliloachiwa na babu yake, na zamani huko Sigino lililia ng'ombe walipopotea ili watu watoke kuwatafuta. Yeye akalihamishia mpirani. Wala hakulipuliza ovyo kama watoto wanavyopuliza filimbi za Krismasi. Mpira ukiwa kwa wapinzani alinyamaza. Ukivuka katikati alitoa mlio mmoja mfupi, kama mtu anayebisha hodi. Ukikaribia goli aliachia mlio mrefu mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na uwanja mzima ukamwitikia. Watu walisema Viboko wana miguu ishirini na miwili na pumzi moja, pumzi ya Severini.

Kisha kikaja kifua. Alikohoa msimu mzima wa mvua, akakonda, akalazwa, akameza dawa mpaka akazichukia. Ugonjwa uliisha, Mungu ashukuriwe, ila ulimwachia makovu kwenye mapafu. Daktari alimwambia kwa upole, "Mzee wangu, kutembea utatembea, na shamba utalima kidogo kidogo. Lakini pembe, basi tena." Severini aliitikia kwa kichwa. Akarudi nyumbani, akalitundika pembe juu ya mlango, na tangu siku hiyo hakukanyaga uwanjani.

Laiti angelia au angegomba, Edda angejua la kufanya. Severini hakulia wala hakugomba. Uwanja ulikuwa ng'ambo tu ya barabara, nyuma ya migomba ya jirani, na kila Jumapili filimbi ya mwamuzi ilipolia aliinuka taratibu, akafunga dirisha, akarudi kuketi gizani. Alikula kwa kubembelezwa. Ukimuuliza hili, "sawa", ukimuuliza lile, "sawa." Edda aliogopa kuliko alivyoogopa hospitalini, kwa sababu kule hospitalini mumewe angalau alipigana. Sasa alikuwa anajiondokea pole pole akiwa kitini, na hakuna dawa ya ugonjwa huo inayouzwa dukani.

Siku moja Edda alikuwa akifungasha sare za shule katika mifuko ya nailoni. Mfuko mmoja ulijifunga na hewa ndani, ukavimba. Akaubonyeza, ukagoma. Akaufunga mwingine vivyo hivyo, na kwa mchezo tu akaigonganisha. Paa! Kuku waliokuwa wakidonoa mlangoni wakatawanyika kila mmoja njia yake.

"Yesu na Maria!" alisema Edda, akaitazama ile mifuko. Akageuka akalitazama pembe juu ya mlango.

Kesho yake alikwenda sokoni kwa Muzamil, muuza magodoro, ambaye pia alikuwa kiongozi wa mashabiki wa Viboko na rafiki wa Severini tangu ujana.

"Karibu, shemeji," alisema Muzamil. "Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Haumwi tena, shemeji. Angekuwa anaumwa ningejua nimpe nini." Edda alivuta pumzi. "Naomba zile nailoni unazovua kwenye magodoro. Nataka kumtengenezea makofi."

Muzamil alicheka mpaka akashika kiuno. "Makofi! Tangu lini mtu akashonewa makofi?" Alipoona mwenzake hacheki, naye akaacha. Alizikusanya nailoni zote zilizokuwa nyuma ya duka, akazifunga vizuri, akambebea mpaka barabarani.

Ndipo kazi ilipoanza. Nailoni haishonwi, maana kila tundu la sindano ni mlango wa hewa. Edda aliunganisha kingo kwa pasi ya mkaa, akitandika gazeti juu yake. Pasi ikipata moto sana nailoni iliyeyuka ikanata kwenye gazeti. Ikipoa, kingo zilishikana kwa macho tu. Kila alipomaliza alizamisha kazi yake kwenye beseni la maji, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha, na mapovu yakamsuta. Mdomo wa kupulizia aliufanya kwa mrija wa soda, ukikunjwa na kufungwa kwa kamba ya mpira wa tyubu. Za kwanza alizifanya nene kama mito ya kulalia. Alipozigonganisha, ziliguna tu. Akajifunza kwamba zinatakiwa ziwe nyembamba, urefu wa mkono mpaka kiwiko, na zijae hewa mpaka zikaze. Ndani yake alitia vipande vya kitambaa cha kijani, rangi ya Viboko, vikawa vinarukaruka.

Jambo moja hakulilegezea kamba: lazima zikunjike. Alimjua mumewe. Severini asingekubali kuonekana barabarani amebeba kitu cha kushangilia, watu wakamwonea huruma na kuulizana habari za pembe. Kwa hiyo Edda alizitengeneza zikitolewa hewa zilale bapa, zikunjwe kama leso, na ziingie kwenye mfuko wa shati. Mtu angeingia nazo uwanjani mikono mitupu kama mpita njia.

Alipotosheka, alimkabidhi Severini baada ya chai ya jioni.

"Nini hiki, Mama Kindness?" aliuliza Severini. Kindness alikuwa binti yao, aliyeolewa Dodoma.

"Kunjua."

Alikunjua moja, akakunjua ya pili. Aliona vile vitambaa vya kijani, akaelewa, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi macho yake yakapata uhai. "Umetengeneza wewe? Kwa mikono yako?" Akauona mrija. Akauweka mdomoni, akapuliza.

Nailoni haikuinuka hata nusu. Kikohozi kilimkamata Severini, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa meza. Kilipomwachia, aliweka zile nailoni chini kwa adabu.

"Asante, mke wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Umenitengenezea pembe jingine."

Edda alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku zote hizo alikuwa amepima nailoni, amepima moto, amepima mpaka mfuko wa shati, na kila mara aliyepuliza ni yeye mwenyewe. Pumzi yake mwenyewe ilikuwa imemsahaulisha kwamba mwenzake hana.

"Nitakuwa nakupulizia mimi," alisema haraka.

"Mbele ya watu? Mimi Severini nipuliziwe na mke kama mtoto na puto lake?" Alitikisa kichwa. "Hapana."

Edda aliazima pampu ya baiskeli. Ilipasua kingo za nailoni mara ya kwanza tu. Pampu haina adabu, haijui mwenzake ameshiba. Mdomo wa mtu ndio unaojua. Alitengeneza nyingine badala ya ile iliyopasuka, akaenda kulia jikoni, akanawa uso.

Jumapili iliyofuata Viboko walicheza na timu ya kutoka Dareda. Edda alivaa kitenge chake kizuri, akazitia nailoni kwenye mkoba.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Severini.

"Mpirani."

"Wewe? Mpira unaujua?"

"Najua ni wa duara."

Severini hakucheka. Nyuma yake Edda alisikia dirisha likifungwa. Hakuwa na hila yoyote kichwani, wala asisingiziwe. Aliumia tu kuona kitu kilichotengenezwa kwa upendo kinakaa kabatini bila kulia hata siku moja.

Alikaa kwenye nyasi karibu na Muzamil, akapuliza zikakaza, akasubiri. Uwanja ulikuwa umepoa, maana tangu pembe linyamaze hakuna aliyejua nani aanze. Edda akaamua kuanza yeye. Mpira ukipaa juu, paa! Mchezaji akianguka, paa! Mlio ulikuwa mkali, wa kuvuka migomba na barabara, na watu waligeuka kumtazama. Basi tu haukuwa na kichwa wala miguu. Wapinzani walipopata kona, alipiga kwa bidii mpaka mashabiki wa Dareda wakampungia mikono kumshukuru. Kisha akaona wavu unatikisika na watu wanaruka, akainuka na kupiga kwa nguvu zake zote.

"Shemeji!" alimaka Muzamil akimshika mkono. "Shemeji, tumefungwa sisi!"

Kicheko kilichopasuka hapo hakikuwa cha ubaya, lakini kilimchoma. Edda aliketi, akaziweka nailoni mapajani. Alijiona mjinga aliyekwenda ngomani bila kujua wimbo.

Hapo ndipo alipomwona. Mtu mwembamba mwenye sweta na kandambili alikuwa anakuja akipitia kando ya migomba. Alitembea hatua chache, akasimama kuvuta pumzi, akatembea tena. Watu walimpisha kimya kimya. Alifika, akaketi kwenye nyasi, akangoja kifua kitulie kwanza.

"Mama Kindness," alisema. "Dirisha nimefunga, mlango nimefunga, bado nakusikia unawashangilia Dareda. Mpaka kona umewapigia!"

"Nilidhani waliofunga ni wetu."

"Wetu wana jezi za kijani!"

"Baba Kindness, wote wanakimbia. Nitawaonaje?"

Severini alimkodolea macho. Kisha akacheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na Edda akamsugua mgongo, huku machozi yakimtiririka mwenyewe bila kuyafuta, maana sauti ile alikuwa ameikosa kuliko sauti ya pembe.

"Lete," alisema Severini, akanyoosha mikono.

Edda akampa. Nailoni zilikuwa zimeanza kulegea. Severini alizibonyeza, akautazama mrija, akamtazama mkewe. Neno lake Edda alikuwa ameshalisema nyumbani, likakataliwa. Sasa ilikuwa zamu ya mwenzake. Mzee alimwona mkewe mwenye pumzi tele ameketi amefedheheka kwa kutojua ni wakati gani apige. Na yeye, aliyejua kila pigo la mchezo ule, alikuwa amejifungia gizani kwa kukosa pumzi.

"Nipulizie," alisema, kwa sauti ya kusikika.

Kijana mmoja nyuma yao aliguna, "Eh, mzee anapuliziwa!"

"Ndiyo, napuliziwa," alijibu Severini bila kugeuka. "Wewe unaye wa kukupulizia?" Watu wakamzomea yule kijana, akajifanya anatafuta kiatu.

Edda alipuliza, akafunga mirija. Severini akazishika. Mpira ulikuwa kwa Dareda, naye akanyamaza. Ukavuka katikati: paa! Pigo moja, kama mtu anayebisha hodi. Migongo ya wachezaji wa Viboko ilinyooka. Walilijua pigo lile. Mpira ukakaribia goli, naye akaachia paa-paa-paa bila kukoma, na uwanja mzima ukamwitikia kama zamani. Muzamil alipiga kelele za "Pembe limerudi!" mpaka kofia ikamdondoka. Kila zilipolegea, Severini alizinyoosha upande wa mkewe bila kugeuza uso, kama mtu anavyonyoosha kikombe nyumbani kwake akijua kitajazwa. Edda alijaza. Viboko walirudisha goli dakika za mwisho, mechi ikaisha sare, na ukiwatazama watu walivyoimba barabarani ungedhani wametwaa kombe.

Walirudi pole pole, wakisimama Severini alipohitaji kusimama. Kwenye migomba alifungua mirija ili azikunje. Aliisogeza nailoni moja karibu na shavu lake, akabonyeza taratibu, hewa ikampuliza usoni.

"Inanukia chai ya tangawizi," alisema.

"Si ndiyo niliyokunywa."

"Kumbe ndiyo iliyopiga kelele zote zile." Alikunja moja, akakunja ya pili, akazitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akaupiga mfuko kidogo kuhakikisha zipo. Walipofika nyumbani, Edda alikwenda kuwasha jiko, na akiwa huko alisikia dirisha likifunguliwa.

Pumzi ilikuwa ya Edda na mapigo yalikuwa ya Severini. Alipopiga mke peke yake alichekwa, na alipopuliza mume peke yake alikohoa. Siku walipokubali kushikana, mji mzima uliwasikia. Kweli, kofi hazilii ila kwa viganja viwili.