Mlango Hupimwa kwa Jeneza

Ndugu zangu, leo nimepanda hapa mimbarini na hasira, na sitaificha. Nisikilizeni kwanza, kunilaumu baadaye.

Palikuwa na bwana mmoja katika mji kama huu wetu, mji ambao ukiutazama kutoka upande wa pili wa kivuko unaona nyumba kongwe za mawe chini, na nyuma yake maghorofa ya vioo yamezikodolea macho. Baba yake alikuwa fundi wa mawe na chokaa. Nusu ya mtaa ule aliujenga yeye. Na mzee huyo alikuwa na desturi yake: kabla hajasimamisha miimo ya mlango, alituma watu msikitini wakaazime jeneza. Watu wanne walilibeba tupu, wawili mbele, wawili nyuma, wakalipitisha pale mlango utakapokuwa. Likipita, aliendelea na kazi. Likigusa, alibomoa akaanza upya. Wenye nyumba wengine walinuna, wakaona anawaletea mkosi. Akawajibu, "Mlango si wa kuingilia tu."

Mwanawe, ndiye bwana yule, akainukia, akaibomoa nyumba ya baba yake, pale pale akasimamisha ghorofa tisa za vioo. Siku lifti inafungwa, mzee alikwenda kuitazama.

"Mwanangu, chumba hiki mmekipima kwa nini?"

"Kwa watu sita, baba."

"Wamesimama?"

"Wamesimama. Nani analala kwenye lifti?"

"Na wa saba, akiwa amelala?"

Mwana akacheka. "Baba, hayo ni mambo ya enzi za chokaa." Na msidhani hapakuwa na lifti kubwa. Mafundi walimwambia ipo. Ila ingekula nafasi ya duka moja pale chini, naye duka alilitaka.

Basi akampandisha baba yake ghorofa ya tisa, akijisifu kwamba mzee sasa anauona mji mzima. Mzee aliyezoea kukaa barazani baada ya alasiri, kila apitaye akamwamkia! Akasema, "Huku juu niamkiane na nani, kunguru?"

Hata mwaka haukupita. Jumatatu asubuhi mzee akafariki. Akaoshwa, akakafiniwa, watu wakaleta jeneza. Haliingii kwenye lifti. Wakajaribu kulisimamisha, haliingii. Wakaenda kwenye ngazi, zimejikunja kama utumbo, zimebana, halipindi kona.

Mnajua walifanya nini? Walimsimamisha maiti! Walimfunga shuka kifuani, mwana akamkumbatia baba yake kwa nyuma asianguke, wakaingia naye kwenye lifti amesimama kama mpangaji anayekwenda kazini. Ghorofa ya tano lifti ikasimama, mlango ukafunguka. Palikuwa na mtu na begi lake mkononi, anataka kushuka. Akaiona sanda imesimama mbele yake. Akarudi nyuma. Na yule mwana, ndugu zangu, hakuwa na hata mkono mmoja wa kujifuta machozi.

Chini nako ni fedheha. Waliokuja kuzika wamezuiwa nje. Askari wa mlangoni anadai vitambulisho. "Unakwenda kwa nani, mzee? Una miadi?"

"Nakwenda kwa maiti," akajibiwa. "Miadi ningeiweka na nani?"

Nje hakuna pa kukaa. Ni vioo vitupu, na jua la saa tano linapiga pale linawarudia usoni. Basi watu wakavuka njia, wakakaa kwenye baraza ya nyumba kuukuu iliyo mkabala, nyumba ambayo bwana yule alikuwa kila siku akiandika barua ivunjwe, eti ni jino bovu, inaharibu sura ya mji. Bibi mwenye nyumba akafungua mbao zote mbili za mlango. Akatoa maji. Akasema, "Mleteni mzee alale kwanza."

Wakamlaza kwenye jeneza, watu wanne wakalibeba. Likapita mlangoni bila kugusa popote.

Mwana akasema, "Ahsante, bibi. Kumbe nyumba yako ina nafasi."

Bibi akamtazama. "Si nafasi, mwanangu. Mlango huu aliupima baba yako."

Sasa naona vichwa vinatikisika, mnamlaani bwana yule. Taratibu! Sikusema ghorofa ni dhambi. Chokaa haimpeleki mtu peponi, wala kioo hakimtii motoni. Ninauliza jambo moja: ulipojenga, ulimfikiria nani? Wale wazee waliuliza aliyechoka atakaa wapi, na maiti atapita wapi. Sisi tunauliza nini? Itatokaje kwenye picha?

Na sisi ni akina nani? Tokeni nje muitazame baraza ya msikiti huu. Walioujenga waliiacha kwa ajili ya mpita njia. Wachukuzi wa mikokoteni walikuwa wakipumzika pale adhuhuri. Kabla ya mfungo tulipopaka rangi mpya, tukapandikiza vyuma vyenye ncha baraza nzima, wasikae, wasitie doa. Nani aliamua? Kamati. Nani alikuwa kwenye kamati? Mimi nilikuwepo, nikasema, "Itapendeza."

Wallahi nimekosa. Jana nilimkuta mchukuzi mmoja, mtu mzima mwenye mvi, amekaa juani kwenye ukingo wa mtaro, ameuegemeza mgongo wake kwenye ukuta wa nyumba ya Mwenyezi Mungu. Akaniamkia, na mimi nikashindwa kumtazama.

Fundi yuko nje na msumeno wa chuma. Tukishatoa salamu, mtu asikimbilie viatu vyake. Vyuma vile vinang'oka leo, na wa kwanza kuvishika ni mimi.