Pimbi na Nyongeza ya Wayo wa Kiboko

Paukwa.

Pakawa.

Ngano yangu ina meno.

Itamng'ata nani?

Mwenye mguu mkubwa.

Iachie, ije.

Inakuja, na haipigi hodi, kwa hiyo sogeeni.

Hapo zamani za juzijuzi, wanyama walipokuwa wameshavuta umeme wa sola mpaka mashimoni, alikuwako Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama wa mawe, hana mkia, hana pembe, ana meno mawili ya mbele na macho yasiyopepesa. Huyu wetu alikuwa wa kike, akikaa na mama yake na ukoo mzima juu ya Jabali la Asubuhi, pale ambapo jua likichomoza hupiga kwanza. Na pimbi asipoota jua asubuhi, mwili wake hauamki. Watoto wao hufa kwa baridi. Hilo lishikeni vizuri.

Chini ya jabali, Tindigani, palikuwa na soko, na sokoni palikuwa na Kiboko. Yeye ndiye aliyekuwa na duka la vifaa vya kompyuta, duka la pekee tangu mtoni hadi milimani. Kiboko alikuwa na tumbo. Kiboko alikuwa na mdomo. Lakini kuliko vyote, Kiboko alikuwa na wayo.

Huo wayo ndio uliotawala soko. Siku moja alikanyaga matope, dindi, akapanua vidole vyote vinne ili alama iwe pana kuliko mguu wenyewe. Akaiacha ikauke juani mpaka ikawa bakuli gumu. Akaibeba, akaiweka katikati ya soko, akatangaza sheria.

"Anayenunua kitu kilicho kikubwa kuliko vyote mezani pa muuzaji, apewe nyongeza. Nyongeza achague mnunuzi mwenyewe, kutoka meza hiyohiyo. Ijae wayo huu, ifanye na kichuguu. Sheria ni ya kila mnunuzi na kila muuzaji."

Ya kila mnunuzi, eti. Nani aliweza kununua fungu kubwa kuliko yote, isipokuwa yeye? Alikwenda kwa Kanga, muuza karanga, akanunua fungu moja, kisha akajaza wayo mpaka kichuguu, nyongeza ikalizidi fungu lenyewe. Kesho tena. Keshokutwa tena. Kanga wa watu alirudi kwake na kikapu kitupu na shingo ya bluu kwa hasira.

Na bado Kiboko hakushiba. Kila mwaka palikuwa na mashindano ya mbio za pikipiki, zile zinazochezwa ndani ya kompyuta, na bingwa huchagua mahali pa kukaa, popote anapopenda. Kiboko ndiye aliyeleta mchezo. Kila mwaka alileta mchezo mpya, mzito kuliko wa mwaka uliopita, ambao mashine yake tu ndiyo iliyoweza kuubeba. Asiye na mashine ya kuubeba ameshindwa kabla ya kuanza. Mwaka wa kwanza akachagua kivuli cha Ngiri. Mwaka wa pili akachagua kisima cha akina Kanga. Mwaka wa tatu, siku ya Jumatatu, akasimama sokoni akasema:

"Mashindano ni Ijumaa. Safari hii nitachagua Jabali la Asubuhi. Nataka pa kuanikia matope yangu."

Mnasikia?

Tunasikia.

Basi msinune, bado hatujafika.

Pimbi alikuwa na kompyuta, ila ilikuwa kuukuu, ya tangu enzi za babu yake. Akaipandishia ule mchezo mpya. Kompyuta ikaanza: vuuuu. Ikakohoa: kho, kho. Feni ikalia: ngrrr. Kisha: zii. Moshi kidogo, harufu ya kitu kilichoungua, basi.

Mama yake akasema, "Mwanangu, tuanze kufunga mizigo."

"Mizigo ya nani, mama? Mimi sihami."

"Utashindana na nini?"

"Bado sijui. Lakini sihami."

Akaifungua kompyuta ile, akakagua kilichokufa na kilicho hai. Kioo kilikuwa hai. Kibodi ilikuwa hai. Diski ilikuwa hai, na lile boksi la kuleta umeme lilikuwa hai na nguvu tele. Vilivyokufa ni ubao mkuu, ule unaobeba vifaa vyote, pamoja na prosesa yake, ambayo ndiyo akili ya mashine. Ramu, yaani zile njiti za kumbukumbu, zilikuwa chache mno. Na kadi ya picha, inayochora mchezo kwenye kioo, haikuwahi kuwamo tangu mwanzo. Vitu vinne tu. Pimbi akachukua kibuyu cha asali, kibuyu kimoja alichokuwa nacho, akashuka sokoni Jumanne.

"Shikamoo, mzee."

"Mm," akajibu Kiboko, anatafuna.

"Ubao mkuu huu, kiasi gani?"

"Vibuyu vitano."

"Na prosesa?"

"Vibuyu vitano."

"Na ramu?"

"Vibuyu vitano."

"Na kadi ya picha?"

"Vibuyu vitano."

"Mzee, mbona vyote bei moja?"

"Kwa sababu Ijumaa ni moja," akasema Kiboko. Akacheka, ho ho ho, meza ikatikisika. "Wewe dada una vibuyu vingapi?"

"Kimoja."

"Basi rudi juu ukaote jua. Umebakiwa na asubuhi tatu."

Hasira ilimpanda Pimbi mpaka meno yakagongana. Alikwenda kukaa kando ya kikapu cha Kanga. Wakati huohuo Kiboko akaja nyuma yake, dindi, dindi, akanunua fungu kubwa la karanga, akajaza wayo, akafanya kichuguu, akaondoka akitafuna. Kanga akafuta macho kwa bawa.

"Shoga," Pimbi akamuuliza, "ile sheria unaikumbuka yote?"

"Nitaisahauje? Hata usingizini inanijia."

"Hebu niambie, polepole."

Kanga akaisema, neno kwa neno: kikubwa kuliko vyote mezani, achague mnunuzi mwenyewe, kutoka meza hiyohiyo, kila mnunuzi na kila muuzaji. Pimbi alisikiliza huku anaitazama meza ya Kiboko. Pale mezani palisimama kasha la kompyuta, refu, la kioo pembeni, na taa nyekundu na za bluu zinazofukuzana. Ndani yake hamkuwa na kitu. Lilikuwa pambo la duka, la kuwatia wateja tamaa.

Pimbi akaaga, akarudi jabalini. Jumatano hakuonekana. Alhamisi, siku ambayo soko hujaa pomoni, akashuka tena na kibuyu chake, kichwa ameinamisha, anakokota miguu.

"Shikamoo, mzee. Nimekubali yaishe."

"Marahaba," akasema Kiboko. Siku hiyo aliitikia vizuri kabisa.

"Ila nisiaibike sana mbele za watu. Niuzie hilo kasha."

"Halina kitu ndani."

"Najua. Nitakaa nalo tu, nitazame taa."

Kiboko akacheka, ho ho ho, meza ikatikisika. "Lete kibuyu."

"Isije ikawa napewa dogo," akasema Pimbi, sauti ya kulialia. "Ndilo kubwa kuliko vyote hapa mezani?"

"Njooni mmwone huyu," Kiboko akawaita watu wa soko. "Ananunua sanduku tupu, na bado analipimia ukubwa. Ndilo kubwa kuliko vyote hapa mezani. Nani anabisha?"

Hakubisha mtu. Kiboko akapokea kibuyu, akakibandika mdomoni, gudu gudu gudu, asali yote ikaisha palepale. Akajifuta, akamtazama Pimbi, akaona bado amesimama.

"Unangoja nini?"

"Nyongeza yangu."

Soko zima likageuka kutazama. Hata nzi wa kwenye samaki walitulia.

Wa kwanza kusogea alikuwa Ngiri. Akaenda katikati ya soko, akaubeba ule wayo wa udongo, akauleta mezani, akautua taratibu. Pimbi akapanda juu ya meza.

"Nachagua mwenyewe," akasema. Akauchukua ubao mkuu, akaulaza ndani ya wayo. Vile vidole vinne alivyovipanua Kiboko kwa uroho vikawa nafasi ya pembe nne za ubao. Akaichukua prosesa, akaiketisha juu yake: tiki. Akachukua njiti mbili za ramu: tiki, tiki. Akachukua kadi ya picha, nene, ya feni mbili, akaichomeka wima: kacha.

"Na kichuguu," akasema, akaweka kileleni feni ya kupoozea prosesa.

"Hiyo ni sheria ya karanga," Kiboko akanguruma.

Kanga akajibu. "Karanga hukuzitaja, mzee. Ulisema kila muuzaji. Mimi nilikuwepo, na nimeilipia sheria hiyo kila siku."

Ngiri akataka kuongeza kuwa mkuki kwa nguruwe, akajikumbuka, akanyamaza.

Kiboko akainua mguu, ukamfunika Pimbi kwa kivuli. "Nitakukanyaga ubaki chapa."

Pimbi hakurudi nyuma hata kucha moja. Moyo ulimwenda mbio, niwaambie kweli, maana yeye si jiwe, ni pimbi. Akauinamia wayo wa udongo, akaukumbatia.

"Kanyaga, mzee. Utanivunja mimi na kipimo chako pamoja. Kesho Kanga akupimie nyongeza kwa kitu gani?"

Mguu ukabaki hewani. Kiboko akavitazama vile vifaa. Akakitazama kikapu cha karanga. Akavitazama vifaa tena. Mate yakamdondoka, na hayakuwa ya kompyuta. Mguu ukashuka pembeni, polepole, dindi.

"Chukua," akasema. "Kesho utashindwa tu. Mimi ni bingwa mara mbili."

Usiku huo Pimbi na mama yake walipanga vifaa ndani ya kasha, pamoja na diski yao na boksi lao la umeme. Wakawasha: vuuuu. Wakangoja ikohoe. Haikukohoa. Mama mtu akaanza kuifungua ile mizigo aliyokwisha kuifunga kwa siri.

Ijumaa soko zima likakusanyika. Huku mashine ya Kiboko, inang'aa. Kule mashine ya Pimbi, nayo inang'aa. Mchezo ukafunguka kote kuwili, na hapo ndipo likajulikana jambo ambalo Kiboko mwenyewe hakulijua. Alikuwa bingwa mara mbili, ni kweli, lakini hakuwahi kukimbia hata mbio moja. Angekimbia na nani, wakati mashine za wenzake zote zilikuwa zikizimika?

Pimbi akabonyeza: ti, ti, ti. Pikipiki yake ikakata kona.

Kiboko akabonyeza: kracha. Wayo mmoja ukaangukia vitufe vyote kwa pamoja, mafuta, breki, kulia, kushoto. Pikipiki yake ikazunguka, ikarudi nyuma, ikatumbukia mtoni.

Pimbi: ti, ti, ti.

Kiboko: kracha. Mtoni tena.

Pimbi akamaliza, akakunja mikono, akamngoja. Kiboko hakufika mpaka leo.

"Bingwa achague mahali," watu wakapaza sauti. "Chagua dimbwi lake, Pimbi. Mtoe humo."

Pimbi akasimama juu ya kiti ili aonekane. "Mwaka huu nachagua jabali letu," akasema. "Mwakani nitalifikiria hilo dimbwi."

Jumamosi asubuhi Kiboko alipofungua duka alikuta foleni. Ngiri na kibuyu, Nungunungu na kibuyu, na wengine nyuma yao mpaka mtoni, kila mmoja anaulizia kasha tupu. Kiboko akawatazama. Akatembea mpaka katikati ya soko, akainua mguu, akaukanyaga ule wayo wa udongo yeye mwenyewe, dindi, mpaka ukawa vumbi.

Kisha akaenda kwa Kanga kununua karanga. Kanga akampimia fungu lake, akamwongezea karanga tatu, tena zile za kusinyaa.

Ngano yangu imekauka mate. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, ninao wa kuwalisha.

Na funzo lake?

Nilijua mtauliza. Funzo ni hili: mdogo asibishane na mkubwa. Kwani Pimbi alibishana? Mkubwa alitunga sheria, mdogo akatii. Nanyi, wanangu, muwe na adabu hiyohiyo. Wakubwa wakitunga sheria, tiini. Tiini neno kwa neno, msiruke hata moja, mpaka waivunje wenyewe kwa miguu yao.