Nguchiro na Ngiri Ajaye Vita Vikiisha

Hadithi i mlangoni, niifungulie?

Ifungulie!

Na ikiingia na uongo wake?

Uongo wako, utamu wetu!

Haya, kaeni. Na wewe Mbaruku, acha kuchungulia nje. Utanitia wasiwasi, na hadithi yenyewe ina wasiwasi wa kutosha.

Hapo kale, kale ya mbali, wanyama walipokuwa na maboma na majumbe wao, Nguchiro alikuwa jumbe wa kichuguu. Kichuguu kilikuwa na mlango wa mashariki na mlango wa magharibi. Ndani walilala watoto wake, wachanga, hata macho hawajafumbua. Nguchiro ni mnyama mdogo, mnamjua. Lakini boma lake lilikuwa zuri, na kizuri hakikosi wa kukitamani.

Aliyekitamani ni Kenge. Kenge alikuwa na mayai tumboni, na mvua zilikuwa karibu. Alitaka kutaga mle ndani, penye joto. Na watoto wa Nguchiro? Hao angewafanya kitoweo.

Basi Nguchiro hakutulia. Akila, anasimama. Akilala, anaamka. Anakwenda mlango wa mashariki, anarudi mlango wa magharibi. Mwishowe akasema, peke yangu siwezi. Akaenda kwa Ngiri, mwenye meno ya kupasua ardhi.

"Ndugu Ngiri, tule kiapo."

"Tule, dada."

Wakachanjana chale tumboni. Wakapaka damu kwenye kiazi mwitu, kila mmoja akala nusu. Ngiri akasema, "Ukiniita vitani nitakuja. Nisipokuja, tumbo linivimbe nipasuke." Nguchiro akarudi nyumbani anaimba. Kumbe kuna jambo amelisahau katika kiapo kile.

Alikuwa pia na mlinzi, Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa. Kazi yake kukaa mtini na kupiga kelele adui akionekana. Ujira wake ni panzi wanaoruka Nguchiro akipita majanini.

Siku ikafika, Kenge akaja na wapwa zake. Nguchiro akapanda juu ya kichuguu, akaimba:

Ngiri wee, ndugu wa chale,
Vita mlangoni, njoo!

Itikieni, mbona mmelala? Vita mlangoni, njoo!

Ngiri hakutokea. Nguchiro akapigana peke yake, akauma, akaumwa, akachafuka damu. Hata Kenge alipochoka akarudi zake, vumbi likatua, ndipo Ngiri akaja mbio, mkia juu.

"Dada, nimekuja. Kimepikwa nini?"

Nguchiro akalitazama tumbo lake. Halikuvimba. Akampa chakula, maana alimhitaji. Usiku ule na usiku wa pili hakupata usingizi.

Kenge akaja tena. Safari hii Nguchiro aliimba mapema, vumbi la adui likiwa bado mbali:

Ngiri wee, ndugu wa chale,
Vita mlangoni, njoo!

Ngiri akaja, kweli akaja. Akasimama kilimani, anatafuna majani, anatazama nani atashinda. Nguchiro anapigana, anamtazama Ngiri. Anapigana, anamtazama Ngiri. Na jicho likiwa kule kilimani, Kenge akaingia mlango wa mashariki moja kwa moja, akatoka na mtoto mmoja mdomoni.

Uchungu wa mama sina maneno yake. Niacheni kidogo.

Ngiri aliposhuka, Nguchiro akamuuliza, "Ndugu yangu, kiapo chetu kiko wapi?"

"Kiapo kilisema nitakuja, na nimekuja. Hakikusema lini. Wala hakikusema nipigane." Na tumbo lake, wallahi, lilikuwa zima.

Sasa Nguchiro akajiuliza, Kenge alijuaje watoto walilala upande wa mashariki? Akanyemelea hadi kwa Kenge. Akamwona Hondohondo amekaa uani, anapewa panzi huko nako.

Mama yake Nguchiro akasema, "Wafukuze wote wawili."

"Mama, nikimfukuza Ngiri, kesho atakuwa upande wa Kenge. Na Hondohondo nikimfukuza, maneno yangu yatapelekwa kwa Kenge na mwingine nisiyemjua. Niachie."

Akaenda kwa mke wa Ngiri. Alimkuta mja mzito, amelala katika shimo la bondeni.

"Wifi, mvua zikija hapa patajaa maji. Njoo ujifungulie kwangu. Chumba cha mlango wa magharibi ni chako."

"Na mume wangu?"

"Mume wako ni wa kuja vitani, ndivyo alivyoapa. Wewe njoo nyumbani."

Mke wa Ngiri akahamia usiku, Hondohondo akiwa usingizini, akajifungua. Ngiri naye akaja kulala kwa wanawe. Lakini asiyeaminika haamini mtu. Akaingia kinyumenyume, makalio ndani, meno nje.

Kisha Nguchiro akaenda chini ya mti. "Mtani wangu Hondohondo, nina siri. Watoto nimewahamishia magharibi, na mlango ule ni mbovu, nauogopa. Usimwambie mtu."

"Mimi? Kwa mdomo huu?" Akaruka kabla hajamaliza kuapa.

Asubuhi Kenge akaja. Wapwa nyuma, yeye mbele, mbio mpaka mlango wa magharibi. Na Nguchiro?

Msiitikie. Safari hii hakuimba.

Kenge akatia kichwa. Ngiri hakungoja kuitwa. Alisikia mwanawe analia nyuma yake, akatoka na meno yote. Akampasua Kenge shavu hadi bega, akamburuta, akamtupa. Wapwa hawakuuliza njia. Kenge akaenda kutaga mchangani, mtoni, na boma lile hakulirudia.

Ngiri akarudi amefura kwa majivuno. "Dada, umeona nilivyokupigania?"

"Nimeona, ndugu yangu. Kaa ule."

"Basi tule kiapo upya. Tutaje na saa ya kuja, tutaje na kupigana."

Nguchiro akawatazama watoto wa Ngiri wanavyonyonya. Akawatazama wake, na pale palipobaki wazi katikati yao.

"Hapana. Kiapo nilikila mimi, akakilipa mwanangu. Wanao na walale hapa. Inatosha."

Ndiyo maana hadi leo ngiri huingia shimoni kinyumenyume, na hondohondo angali anafuatana na nguchiro majanini. Hakufukuzwa. Ila Nguchiro akizungumza jambo zito, huzungumzia ndani.

Enyi mnaonisikia, rafiki kigeugeu usimfukuze, na wala usimwegemee. Mweke mahali ambapo akikimbia, anawakimbia walio wake.

Hadithi yangu imefika kwao. Mkiiona tamu, gawaneni. Mkiiona chungu, niachieni, nitaimeza mwenyewe.