Oili Niliyoitambua kwa Sikio

Nilikuwa na gari jipya na kiburi cha kulitosha. Nilimpelekea fundi Sikudhani dumu la oili yenye nembo ya watengenezaji wa gari hilo, maana yeye aliisifu oili ya kampuni nyingine, ya daraja lilelile.

"Ukiweka hiyo yako nakufukuza," nilimwambia. Gereji ilikuwa kwenye jengo langu.

"Utajuaje, bosi?"

"Kwa sikio tu."

Niliporudi jioni akawasha gari. Niliinamia injini, nikafumba macho kama daktari.

"Hii ndiyo ya kiwandani. Sikia inavyoimba."

"Una hakika?"

"Naapa mbele ya mafundi wako wote."

"Basi sifukuzwi," alisema Sikudhani, akanirudishia dumu langu. Lilikuwa zito, halijafunguliwa. Nililipokea kwa mikono miwili, nikasema asante.