Sanduku la Kura la Akina Mama

Wapendwa, tulieni kidogo, na watoto wasogee mbele nao wasikie. Nataka kuwaambia habari za mwanamke mmoja wa Afrika Kaskazini. Alizaliwa kijijini, kwenye vilima vya mizeituni, akasoma mpaka akawa profesa wa sheria katika mji mkuu. Aliandika vitabu kuhusu haki za wanawake, na wanafunzi walikuwa wakimsikiliza kwa makini. Mwisho akasema, kufundisha peke yake hakutoshi, nitagombea ubunge nyumbani kwetu.

Basi akarudi kijijini. Kaka zake wakampokea kwa heshima kubwa, wakamketisha katika chumba cha wageni. Huko kwao chumba hicho ni cha wanaume. Kina mazulia na mito mizuri, na wanawake wa nyumbani hawaingii. Lakini yeye alikuwa profesa, kwa hiyo akapewa nafasi ya juu kabisa, karibu na imamu na wazee. Alifurahi sana. Moyoni alisema, tazama, mlango umefunguka.

Jioni baada ya jioni alihutubia mle ndani. Alizungumzia maji ya bomba, wakunga, na shule ya wasichana. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali. Katikati ya hotuba mlango ulifunguliwa kidogo, mikono ikapitisha sinia la kuskusi lenye nyama juu. Yeye alilipokea, akaliweka mbele ya wageni, akaendelea kueleza jinsi sauti ya mwanamke isivyosikika. Picha zake zilibandikwa kwenye mikahawa yote ya soko, wanakokaa wanaume kunywa kahawa.

Mpinzani wake alikuwa mzee mmoja tajiri wa kondoo, aliyesema waziwazi kwamba mwanamke hana kazi bungeni. Profesa alikuwa akimcheka. Nani angemchagua mtu kama huyo? Wanawake?

Siku ya kura ikafika. Kijijini pale wanaume hupiga kura katika chumba chao na wanawake katika chumba chao. Sanduku la wanaume likafunguliwa kwanza, na kura zake zilikuwa nyingi kuliko alivyotumaini. Akashusha pumzi. Kisha likafunguliwa la wanawake. Msimamizi akasoma karatasi ya kwanza, jogoo. Ya pili, jogoo. Jogoo ilikuwa alama ya yule mzee. Akaendelea mpaka sanduku likabaki tupu, na mzeituni, alama ya profesa, haukutajwa hata mara moja.

Ndugu zangu, hata mama yake mzazi?

Alitembea mpaka nyumbani kama mtu aliyepigwa kofi. Akapita chumba cha wageni, akaingia jikoni. Mama yake alikuwa akisugua sufuria kwa majivu.

"Mama, ulimpigia nani kura?"

"Jogoo, mwanangu, ini langu. Tulikubaliana sote humu."

"Na mimi je? Mama, mimi ndiye niliyekuwa mzeituni."

Mama akaacha kusugua. "Kumbe mgombea ulikuwa wewe? Sisi tulidhani unamsindikiza mmoja wa wale mabwana. Kaka zako walituambia wageni wa kura wanakuja, tupike. Basi tukapika."

"Lakini jogoo, mama! Yule mzee hataki hata kumwona mwanamke bungeni."

"Hayo hakuyasema mkewe. Alipita jiko kwa jiko kijiji kizima, na hapa kwetu akakaa juu ya ndoo ile, akamenya viazi pamoja nasi. Akatuuliza habari za kisima, akamuuliza mke wa kaka yako habari za mimba yake." Mama akamtazama kwa upole. "Na wewe, mwanangu, ulituambia nini?"

Profesa akaitazama ndoo ile. Alikuwa amewatetea katika kila chumba, isipokuwa chumba walichokuwamo.

Wapendwa, msiharakishe kumhukumu. Mimi nilipoufikiria mfano huu nilishtuka, kwa sababu nilituona sisi. Leo tuna wageni wa dayosisi. Tumeimba vizuri, tumehubiriwa upendo, tumeombea wenye mizigo. Sasa geukeni mtazame upande wa akina mama. Mbona mabenchi matatu ni matupu? Wenyewe wako nyuma ya kanisa wanatupikia pilau, na kipaza sauti hatukukielekeza kwao. Tutakula, tutawapigia makofi, tutaondoka. Siku Bwana atakapowauliza, "Neno langu mlilisikia?" nao wakajibu, "Sisi tuliambiwa tupike tu," atamgeukia nani?

Basi inukeni. Wazee wa kanisa, bebeni mabenchi hayo matatu. Nanyi wageni wetu, kunjeni mikono ya mashati. Mahubiri haya nayamalizia jikoni, na huko vitunguu bado havijamenywa.