Fisi Aliyetaka Kuwamba Ngoma

Paukwa!

— Pakawa.

Mbona mnaitika kama mmelishwa makapi? Paukwa!

— PAKAWA!

Haya, sasa mmeamka.

Alikuwako Bi Nguchiro, kiumbe kidogo, fundi wa kuwamba ngoma. Kibandani kwake alimfundisha kazi yeyote aliyetaka kujifunza. Wiki hiyo Mama Kanga alikuwa anamwoza bintiye Ijumaa. Akamletea ngozi tatu za mbuzi na kumwambia, "Shoga, arusi bila ngoma ni matanga. Ukiniangusha, hakuna ndege atakayetia mguu hapa tena."

Na wateja wote wa Bi Nguchiro walikuwa ndege.

Balaa ni kwamba mwanafunzi wa wiki hiyo alikuwa Fisi. Kumfukuza haiwezekani. "Ukinifukuza, mwalimu," alisema, "nitakikalia kibanda chako." Na ukimtazama makalio, unaamini.

Jumanne Bi Nguchiro akaanza somo. "Ngozi kavu ni ngumu. Ukiitia majini, inalainika. Umesikia?"

"Nimesikia," akajibu Fisi, macho kwenye ngozi.

Wakaloweka ngozi ya kwanza. Bi Nguchiro akageuka kuchonga mambo, vile vijiti vya kukazia ngozi. Nyuma yake akasikia chwa, chwa, chwa, gudu!

"Fisi, ngozi iko wapi?"

"Ngozi ipi, mwalimu?"

"Iliyokuwa majini!"

"Labda imeyeyuka."

Jumatano wakaloweka ngozi ya pili. Bi Nguchiro akainama kuokota nyundo tu. Chwa, chwa, chwa, gudu!

"Fisi, ngozi iko wapi?"

"Ngozi ipi, mwalimu?"

"Fisi!"

"Mimi nilikuwa najifunza."

Bi Nguchiro akashika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka mpaka ncha ya mkia. Kupiga hawezi, kufukuza hawezi, na kesho ni Alhamisi na ngozi imebaki moja. Akalia kwa hasira, kisha akafuta machozi akafikiri.

Alhamisi asubuhi akaloweka ngozi ya mwisho huku ameikalia kitako. Ilipolainika, akakata ukanda mrefu pembeni yake, umelowa, unadondoka maji.

"Leo nakupa siri ya mafundi," akasema. "Mikono yetu ni miwili tu, kwa hiyo ukanda hushikwa mdomoni."

"Mdomoni?" Fisi akameza mate.

"Mdomoni. Ncha inaingia ndani, uliobaki unazungushwa nje ya mdomo mara saba usidondoke. Wewe kaa juani, ufyonze polepole. Ukiutafuna utaisha sasa hivi. Ukiufyonza, utamu mpaka jioni."

Fisi akaleta mdomo mwenyewe. Bi Nguchiro akazungusha, akazungusha, akapiga fundo. Kisha akawamba ngozi yake kwa raha, mambo yakaingia ko! ko! ko!

Saa nne Fisi anafyonza, mkia unacheza. Saa sita ukanda ukasema kwii. Saa nane ukasema kwiii-ka! Maskini, ngozi zote alikuwa amezila zikiwa zimelowa. Hakuwahi kuona jua linavyoikaza ngozi.

"Mmmh! Mmmh!"

"Mmmh ndiyo nini? Uliza swali vizuri."

Akaukwaruza ukanda kwa makucha, lakini makucha ya Fisi ni butu. Haukutikisika.

Ijumaa ngoma ikalia ti-ndi, ti-ndi, ti-ndi-ndi! Bibi arusi akatoka, Mama Kanga akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Fisi naye alikuja. Akakaa mbele ya sinia la nyama na mdomo wake uliofungwa, machozi yanamtiririka. Pembeni yake palikuwa na ndoo ya maji ya kunawa, imejaa pomoni. Maji, Fisi! Tia mdomo majini! Bi Nguchiro nusura amwambie. Akajizuia. Somo hilo alikwisha kulifundisha Jumanne.

Sinia likaisha, mifupa ikatupwa. Jumapili ikanyesha mvua, ukanda ukalainika, ukamteleza wenyewe. Kibandani hakuonekana tena.

Hadithi yangu imekauka. Anayeitaka tena ailoweke mwenyewe.

Funzo lake, watoto, ni hili: mtiini mwalimu kwa kila neno. Fisi alitii mara moja tu, na mmeona alivyofaidi.