Kanga na Kivuli cha Jabali

Paukwa?
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na kiu, na jabali, na mwenye kuuliza!

Hapo kale, wanyama wa nyikani walimchagua mkuu wao kando ya jabali kubwa, kwa kupanga mstari. Unayemtaka, simama nyuma yake. Kila mwaka Fisi aliahidi kisima. Kila mwaka Fisi alishinda. Kila mwaka kisima hakikuonekana.

Kanga alikuwa na vifaranga, na maji yalikuwa mbali. Kiangazi kilikuwa kimeshamchukulia mmoja. Akajiuliza: mbona tunalalamika pamoja, kisha tunamrudisha yule yule?

Siku ya uchaguzi akatazama tu. Ilikuwa asubuhi, jua kali. Fisi kasimama upande wa jabali wenye kivuli. Mhanga, mchimbaji hodari, kasimama upande wa pili, juani. Wanyama wakaja wakitweta, wakajipanga kivulini. Nanyi mmeona alichokiona Kanga?

Mwaka uliofuata, kabla ya kupanga mistari, Kanga akajikaza.

"Shikamoo, mzee Fisi. Nina maswali, kama hutakasirika."

"Marahaba, mama vifaranga. Uliza, mdomo wangu hauna kufuli."

Akauliza kisima kitachimbwa wapi. Fisi akaeleza, akaeleza, jua likapanda. Akauliza nani atachimba. Fisi akaeleza, akaeleza, jua likafika utosini. Akauliza cha mwaka jana kilikwama wapi. Hapo Fisi akailaumu mvua, akawalaumu mchwa, akamlaumu na marehemu baba yake. Jua likapinduka. Kivuli kikahamia kwa Mhanga.

Wanyama nao wakahamia.

Maneno matupu hayavunji mfupa. Mhanga hakuhutubia, alichimba. Maji yakatoka, vifaranga wakanywa. Wote wakamsifu Kanga kwa werevu wake, lakini yeye bado alikuwa na swali.

"Jamani, mlimchagua Mhanga, au mlichagua kivuli?"

Wakainamia kisima, wakaendelea kunywa.

Uchaguzi ukarudi, asubuhi kama desturi. Fisi akawahi kivuli. Mhanga akasimama juani, miguu ina tope. Kanga akaenda nyuma yake, wa kwanza, akafumba macho. Hakuthubutu kugeuka. Akasikia kwato. Akasikia kwato tena. Akasikia kwato nyingi.

Alipogeuka, mstari ulikuwa umefika kisimani. Kivulini alibaki Fisi, na nafasi tele.

Ngano yangu imekunywa, imetosheka. Mwenye kiu na achimbe yake.